Kombe la Sindano

Jumanne, 6 Februari

Nimeanguka. Si uwanjani. Uani!

Bingwa wa kuteleza barafuni kwa muziki, wazee wa miaka sitini kwenda juu, mara mbili mfululizo. Kaangushwa na barafu ya mlangoni kwake. Na kazi yangu ndiyo hiyo, kukokoa theluji na kumwaga mchanga kwenye haya maghorofa ili watu wasianguke. Asubuhi sikumwaga. Nilikuwa natunza mgongo kwa ajili ya mashindano.

Goti la kushoto limelia kama ukuni mkavu.

Nikatazama juu. Madirisha yote giza. Hakuna aliyeona. Afadhali.

Mashindano ni Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 18. Kombe letu linazunguka. Ukishinda mwaka mmoja unakaa nalo mwaka mmoja. Ukishinda mitatu mfululizo, lako mpaka kufa. Mimi nina miwili. Nikikosa huu linahama. Na likihama najua linakohamia. Ghorofa ya pili, kwa Urpo Kettunen. Zamani alikuwa posta, akisambaza barua. Wa pili mwaka juzi. Wa pili mwaka jana.

Mke wangu Hilkka alikuwa anaweka sindano zake za kufumia ndani ya hilo kombe. Bado zimo. Soksi moja imefumwa nusu inaning'inia. Tumemzika Mei, sijaigusa.

Kombe haliendi popote.

Jumatano, 7 Februari

Goti kama kichwa cha kabichi.

Binti yangu Marjut kapiga simu kutoka mji wa Oulu. Baba, hujambo? Mzima. Mbona unahema? Nimesema napanda ngazi. Kasema, Baba, wewe unaishi chini.

Nimesema mtandao mbaya. Nimekata.

Alhamisi, 8 Februari

Huku kwetu wanasema, kama sauna, pombe kali na lami ya msonobari havijakuponya, andika wosia. Sauna yetu ya mvuke ni Jumamosi. Pombe Hilkka aliimwaga yote mwaka 1998. Imebaki lami. Ilikuwa kwenye kopo la kupakia mtumbwi.

Nimepaka goti zima. Nikavaa suruali ya ndani ya sufu, nikala supu yangu ya njegere, nikalala kidogo. Nimeamka suruali na mguu ni kitu kimoja. Nimevuta. Nywele zote za goti zimekwenda na suruali.

Uvimbe uko palepale. Sasa ni mweusi na una upara.

Jioni Rauha kanipigia. Huyu bibi ndiye katibu wa klabu, ndiye mwamuzi, ndiye mwenye funguo za kila kitu. Kanikumbusha: washindani wote walete cheti cha daktari. Kabla ya Jumatano. Na wewe Taisto, usinisumbue kama mwaka jana.

Ijumaa, 9 Februari

Kwa daktari. Msichana mdogo, mikono ya baridi. Nimepanga vizuri. Nimekunja suruali mguu wa kulia tu. Mguu mzima. Kaukunja, kaunyoosha, kaugonga. Kasema mzee, hili goti la kijana. Nimesema asante, niandikie hapo.

Kashika kalamu kabisa!

Kisha kasema, hebu na lile lingine nilinganishe.

Sikujua kama wanalinganisha.

Kaliangalia muda mrefu. Kauliza hii nyeusi ni nini. Nimesema lami. Kaandika kitu. Halafu kaniambia waziwazi. Kano imechanika nusu. Nikipumzika mpaka Aprili, itaunga, na mwakani nitateleza kama kawaida. Nikilizungusha goti sasa, itakatika yote. Basi ni fimbo maisha yangu yote, na viatu vya barafu nimpe mjukuu.

Sina mjukuu, nimemwambia.

Cheti hakutoa.

Jumamosi, 10 Februari

Saa kumi na mbili jioni ni zamu yetu wanaume kwenye sauna ya jengo. Miaka thelathini nimekosa mara moja tu, wiki ya msiba. Nikikosa leo watajua naumwa. Nikienda, tunakaa uchi. Goti nalificha wapi?

Nimewaza mchana kutwa. Nimepata. Mimi ndiye mwenye ngazi na bisibisi hapa. Saa kumi na moja nimeenda nimetoa balbu.

Nikakaa wa kwanza, benchi la juu, kona ya mwisho. Giza totoro. Wakaja wazee wanapapasa ukuta, wanauliza nani fundi wa hili jengo. Nikasema balbu imekufa, nitaishughulikia Jumatatu. Nikamwaga maji kwenye mawe, ndoo nzima. Mvuke mpaka masikio yanauma. Wengine wakatoka wanatukana.

Urpo kabaki.

Mpango wangu ulikuwa nitoke wa mwisho, wasinione nachechemea. Sasa huyu hatoki. Nikamwaga tena. Hatoki. Nikamwaga tena. Mimi mwenyewe nikaanza kuona mwanga ambao haupo.

Akakohoa. Kasema, Taisto, goti vipi?

Nikauliza goti gani.

Kasema hilo ulilolikalia uani Jumanne, mzee, nilikuwa dirishani nakunywa kahawa. Sikuwasha taa kwa sababu nilikuwa na chupi tu.

Nikasema niliteleza makusudi. Mazoezi.

Kasema mazoezi mazuri, hasa pale ulipomwita mama yako. Kisha kasema kwa upole, pumzika bwana, barafu haikimbii. Akashuka, kafungua mlango, kaushikilia wazi nipite.

Upole huo naujua! Anataka nijitoe.

Jumanne, 13 Februari

Nilikuwa nimekata tamaa mpaka nilipofungua droo ya Hilkka. Alikuwa hatupi karatasi. Cheti cha mwaka jana kimo, daktari mwingine, muhuri wote. Mwaka wake unaishia na tatu, na nne na tatu zinafanana ukiwa na kalamu nzuri. Yangu si nzuri. Nne yangu imetoka kama kiti kilichopinduka.

Nimempelekea Rauha leo makusudi. Leo ni sikukuu ya mwisho kabla ya Kwaresima, watoto wote wako kilimani na vibao vyao vya kutelezea, na watu wazima wote wanakula maandazi ya malai. Rauha alikuwa na andazi mkono mmoja na miwani kichwani. Kakitazama cheti kwa mbali. Malai ikadondoka. Ikatua juu ya tarehe kabisa. Kaipangusa na kidole, kalamba, kagonga muhuri.

Mpango wa kwanza kufaulu tangu Jumanne iliyopita. Nilipofika nyumbani sikusikia furaha. Nimekaa jikoni.

Alhamisi, 15 Februari

Uwanjani asubuhi, peke yangu. Nimefunga goti kwa bandeji na mshipi wa Hilkka wa koti. Kuteleza mbele, sawa. Nyuma, sawa kidogo. Kuzunguka, nimeona nyota. Kuruka sijaruka. Nina mruko mmoja tu katika onyesho langu, lakini bila huo mruko mimi ni mzee anayetembea polepole na muziki.

Marjut kajua. Urpo kampigia simu, msaliti! Marjut hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema, Baba, mama alikufa na miguu yake miwili mizima, hakuitumia kwa sababu moyo ulikataa. Wewe moyo unao. Unataka kutupa mguu kwa ajili ya bakuli la bati?

Nimesema si bakuli.

Kasema, Baba, sindano zinaweza kukaa kwenye gilasi.

Nimekaa na lile kombe mapajani muda mrefu. Nikajaribu kuona sindano kwenye gilasi. Zilionekana kama za mtu mwingine.

Halafu nikafikiria Aprili. Nikafikiria kidato cha mlango, na sufuria, na kwenda msalani na fimbo. Nimechoka. Nimechukua karatasi, nimeandika: Rauha, najitoa. Taisto Ruuska. Nimevaa koti niipeleke.

Mlangoni nakutana na Urpo. Anatoka dukani na ubao mpya begani. Msonobari, umepigwa randa safi. Nimeupima kwa macho. Upana wa kombe kabisa. Shelfu! Mtu hajashinda, kashanunua shelfu!

Nimerudi ndani. Karatasi nimewashia jiko.

Jumapili, 18 Februari

Naandikia kitandani, hospitali ya mkoa. Mkono unafanya kazi.

Nitasema ilivyokuwa.

Washindani watatu. Wa kwanza mfuga nyuki mmoja wa klabu, kazunguka kazunguka kakaa chini, kapigiwa makofi. Wa pili Urpo. Hakukosea kitu. Hakufanya kitu pia, lakini hakukosea. Wa mwisho mimi.

Shati la bluu alilonishonea Hilkka. Goti limefungwa, nimemeza vidonge vinne. Marjut kaja na basi, kakaa juu kabisa, mikono kaikunja. Alisema hatakuja. Kaja.

Nikasimama getini. Sasa ngoja. Miaka yote, kila shindano, mimi nasimama getini nashika ukuta, natazama barafu, nainua mguu wa kushoto. Hilkka anainama, anavua kile kifuniko cha plastiki kinacholinda makali ya kiatu. Nainua wa kulia. Anavua. Ananipiga kofi kwenye makalio. Naingia. Mazoezini navivua mwenyewe, mashindanoni sijawahi. Siku ya mashindano macho yangu hayashuki chini.

Leo nikashika ukuta. Nikatazama barafu. Nikainua wa kushoto. Nikainua wa kulia. Rauha kataja jina langu. Nikaingia.

Kofi sikulisikia. Ningejua hapo.

Plastiki juu ya barafu haishiki kitu. Sikufika hata hatua ya pili. Miguu yote miwili ilienda mbele na mimi nikabaki nyuma, hewani. Watu wakacheka. Kisha goti likalia, wakaacha.

Muziki wa tango ulianza. Hakuna aliyeuzima. Nimelala chali nasikiliza muziki wangu wote, dakika mbili na nusu. Wa kwanza kufika alikuwa Urpo. Kapiga magoti kwenye barafu, kavua vifuniko, kimoja kimoja, kavishika mkononi. Nimemwambia ninyanyue niendelee. Kasema muziki umeisha, mzee.

Nikasema si umalizie na kofi basi.

Hakuelewa. Marjut alielewa. Alikuwa kashafika, na viatu vya barabarani, analia na kucheka pamoja.

Daktari ni yuleyule msichana. Kano imekatika yote. Hakuniambia nilikwambia. Kauliza tu nilipata wapi cheti.

Nimesema mtandao mbaya.

Jumatano, 21 Februari

Nyumbani. Magongo mawili. Marjut karudi kazini, kaniachia supu ya siku sita na onyo la mwaka mzima.

Kombe limeenda. Jumatatu Rauha alikuja kulichukua, Marjut kampa. Sindano kaziweka kwenye gilasi juu ya meza, na soksi yake. Nimegeuza kiti nisizione.

Asubuhi kelele za nyundo mlangoni. Nafungua, Urpo. Ule ubao! Kaupigilia kwenye kile kidato cha mlango, mteremko wa magongo. Kasema aliununua wiki iliyopita, aliona siku zangu za kupanda kidato zinahesabika. Sikusema kitu kuhusu shelfu.

Kisha katoa mfuko. Kombe. Kaingia nalo mpaka mezani, kachukua sindano kwenye gilasi, kazirudisha ndani moja moja, na soksi kaining'iniza ilivyokuwa. Kasema kwake hakuna pa kuliweka, mke wake hataki mavumbi. Likae hapa. Mwakani atalifuata.

Nimesema sawa. Nimemmiminia kahawa.

Alipotoka ndipo nikaelewa. Mwakani atalifuata! Yaani ana hakika! Anajua mimi sitakuwepo, kwa hiyo anashinda mwaka wa pili, anashinda wa tatu, halafu anakuja na mfuko wake. Daktari kasema sitateleza tena kamwe. Lakini daktari huyuhuyu alisema Aprili, akakosea. Kamwe yake ni kama miezi kumi na mmoja. Februari naingia. Hawezi kuruka, yule. Cheti kingine kimo kwenye droo, cha mwaka juzi.

Nikasikia kishindo.

Nimechungulia. Urpo yuko chini, mwisho wa mteremko wake mwenyewe, chali. Sijamwaga mchanga tangu tarehe 6. Wenye jengo walipiga simu wakitaka kuleta kibarua, nikawaambia niko juu ya kazi.

Nikatoka na magongo kumsaidia. Nimefika nusu.

Tumelala uani wote wawili kama samaki, tunatazama madirisha. Kasema mgongo mzima, ni makalio tu. Nikasema na mimi. Tukasubiri mtu apite. Theluji inadondoka.

Kisha kauliza, Taisto, hivi mchanga huwa humwagi kwa nini?

Nimemwambia natunza mgongo. Mashindano ni mwakani.