Bucura Amegoma Siku ya Mahari

Leo nimeumbuka, tena nikiwa nimevaa suti na tai. Kabla hamjatumiwa ile video na watu wasio na huruma, isikieni kwangu kwanza.

Mnanijua. Mimi ndiye niliyewachosha humu kikundini na somo la makopo. Gari langu limenizidi umri. Marehemu baba aliliita Bucura, yaani kitinda mimba, maana alisema huyo ndiye mtoto wake wa mwisho, na alimpenda kuliko sisi tuliozaliwa. (Sina wivu. Kidogo tu.) Nilikuwa nawaambia kila mara: gari zee halimfilisi mtu, kinachomfilisi ni kungoja liharibike ndipo aanze kuhangaika. Ndiyo maana nina makopo manne ya maziwa juu ya kabati. Kopo la mafuta ya injini. Kopo la matairi. Kopo la moto, yaani mabuji, zile plagi za injini, na nyaya zake. Na kopo la maradhi madogo madogo. Kila nikipata chochote, makopo yanakula kwanza, mimi nafuata.

Mnanicheka, lakini gari linawaka. Uvira nzima inajua linawaka. Na nyumbani kwetu kuna habari moja tunayosimulia kila sikukuu: katika vita zote, waasi wa kila rangi walipita mtaani kwetu Rugenge wakitaka kumchukua Bucura, na Bucura alikataa. Waliwasha, walisukuma, walipiga mateke, hakushika. Wakienda zao, baba anakaa, anawasha, mara moja tu! Gari lenye msimamo kama hilo, utaacha kulinunulia mabuji?

Basi leo ilikuwa siku yangu ya kupeleka mahari Katogota, kwa kina Noella. Baba yake Noella ni mtu wa maneno. Mara ya mwisho alimzunguka Bucura, akampiga kofi mgongoni, akasema: "Mukwe, siku ya mahari tutaona kama gari itawaleta ninyi, ao ninyi mutaleta gari." Watu wa kwao walicheka mpaka wakashika ukuta. Mimi nikajibu kwa kiburi chote nilicho nacho: "Baba, gari ikifika hapa imevutwa, minye nitarudi Uvira bila mutoto wako." (Kwa nini mdomo wangu hauna breki? Breki za gari nilibadilisha mwaka huu.)

Asubuhi tumejipanga vizuri. Mama amekaa mbele, vikwembe vipya, yaani vitenge, kilemba kimesimama. Baba mudogo Simeoni, msemaji wetu, yuko nyuma na wajomba wawili. Mbuzi yuko kwenye buti. Nimefuta kioo mara ya mwisho, nimewaangalia majirani waliotoka kutuaga, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Matengenezo ndiyo siri." Nikakaa. Nikazungusha ufunguo.

Injini inazunguka, haishiki.

Nikazungusha tena. Inazunguka, haishiki. Mbuzi akalia. Jirani mmoja akakohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Nikamwita fundi Yeremia, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akaja na spana zake, akafungua boneti, akasikiliza, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kile kifuniko kinachogawa moto kwa mabuji.

"Hapo usiguse!" nimesema.

"Nilitaka tu kufungua niangalie."

"Fundi, hapo kila kitu iko mupya. Mwezi uliopita nimebadilisha, kopo ya moto ndiyo imelipa. Angalia mafuta."

"Lakini yaya, kaka yangu, dakika moja tu..."

"Angalia mafuta!"

Akaangalia mafuta. Ametoa chujio, tumenunua lingine. Ameosha kabureta. Tumewasha: inazunguka, haishiki. Kopo la maradhi madogo limebaki linalia kama ngoma. Kwa kuwasha kwingi batri nayo ikachoka, ikawa inasema *ngrr* kama mzee anayeamshwa mapema. Ikabidi kopo la matairi nalo liletwe, likakodi batri ya mtu. Bado. Fundi ananiangalia, anaangalia kile kifuniko, ananiangalia tena. Mimi nimesimama katikati yao kama askari wa barieri anayezuia magari.

Jua linapanda. Katogota si hapo jirani. Noella amenipigia simu: "Muko wapi? Baba ameanza kuangalia barabara na kucheka-cheka." Jamani, moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Nampenda yule binti. Na kile nilichokisema mbele ya watu wa kwao nilikisema.

Baba mudogo akavua koti. "Tusukume. Ikipata mwendo itashika."

"Mama ashuke kwanza?" mjomba mmoja ameuliza.

"Mama ashuke namna gani na nguo ile? Abaki!"

Basi tukasukuma. Mimi kwenye mlango wa dereva, mkono mmoja kwenye usukani. Baba mudogo, wajomba na fundi nyuma. Mama ndani peke yake, mkoba juu ya magoti, ametulia kama mke wa gavana. Rugenge yote imetoka nje. Wamama wauza dagaa wameacha mabeseni. Na mama anawasalimu! Anainua mkono, anauliza habari za watoto, anatoa pole ya msiba kwa mtu, huku sisi tunakufa. Hapo ndipo mtu alitoa simu akaanza kutupiga video. Nilimwona. Nilijaribu kutabasamu kama mtu aliyepanga jambo hili.

Mama amegeuka, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mutanisukuma mpaka wapi?"

"Mpaka ishike, mama."

"Haya." Akaendelea kusalimu.

Tumefika barabara kubwa, pale wanapouza esanse, yaani petroli, kwenye chupa. Haikushika. Baba mudogo amekaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, anapumua kwa mdomo. Mimi nimeegemea mlango. Jasho, vumbi, tai imegeukia mgongoni. Nikaona sura ya baba yake Noella akicheka, na nikasema kitu ambacho sijawahi kukisema juu ya gari hili: "Mama, nimeshindwa. Sijui Bucura iko na nini."

Mama ameniangalia kwa mshangao.

"Iko na nini? Haina kidole."

"Kidole gani?"

Akakunjua pindo la kikwembe chake. Kulikuwa na fundo. Amelifungua taratibu, na ndani yake, imefutwa inang'aa, kulikuwa na ile pini ya plastiki inayozunguka chini ya kifuniko na kugawa moto. Ile ile niliyoinunua mimi, mpya, kwa kopo la moto. Chini ya kile kifuniko nilichomkataza fundi kukigusa.

Wote walinigeukia. Hata mbuzi.

"Jana jioni risasi zililia kule juu milimani," mama amesema. "Weye ulikuwa umeenda kunyoa. Nikatoa kidole, nikafunga, kama zamani. Baba yako ndiye alinifundisha. Vita yote ile, wakija kutaka gari, iko hapa mu kikwembe yangu, na minye niko napika bugali mbele yao. Kila asubuhi baba yako alikuja, 'Mama, nipe kidole,' ndiyo nampa. Nilikuwa nangoja uje kuomba."

Baba mudogo amenyanyuka kutoka kwenye vumbi. "Mama! Umetuangalia tunasukuma toka nyumbani mpaka hapa, na unanyamaza?"

"Minye nilijua ni mipango yake," mama amejibu, akininyooshea kidevu. "Huyu mutoto na makopo yake, kila kitu anabana. Nikasema, leo amebana hata esanse."

Waliokuwa pale walianguka. Namaanisha walianguka, mwuza esanse mmoja alikumbatia madumu yake. Aliyepiga video ameipata yote. Fundi Yeremia hakucheka (asante, ndugu yangu), alichukua kidole, akakirudisha mahali pake, akafunga kifuniko. Nikazungusha ufunguo.

Mara moja tu!

Niwaambie ukweli. Kwanza niliona aibu ya kutaka kuingia kwenye buti nikae na mbuzi. Lakini tulipoingia bondeni, upepo ukiingia dirishani, nilimwangalia mama pembeni. Miaka yote nimejivunia gari lililowakatalia wenye bunduki. Kumbe gari halikukataa lolote. Ni mwanamke huyu, anakoroga chungu, anawapa maji ya kunywa, na roho ya gari iko kiunoni mwake. Nilijivuna mpaka nikasahau kukwepa mashimo.

Tulifika Katogota tumechelewa, lakini kwa mngurumo wetu wenyewe. Baba yake Noella alikuwa mlangoni, simu mkononi. Video ilikuwa imetutangulia.

"Mukwe," amesema, "na binti yangu mutamusukuma hivi?"

Mama ndiye aliyejibu, akishuka polepole na kunyoosha vikwembe. "Baba, kwetu mwanamuke hasukumi, hasukumwi. Kwetu mwanamuke ndiye anajua kama gari itaenda."

Yule mzee alicheka mpaka akatoa kofia. Kisha akamshika mama mkono kwa mikono miwili na kumkaribisha ndani mbele ya wanaume wote. Mahari imepokelewa. Mbuzi pia, ingawa bado ana kizunguzungu.

Sasa ni saa ya kurudi, na ninawaandikia nikiwa bado Katogota. Baada ya chakula mama alifungua boneti mwenyewe, akatoa kidole, akamkabidhi Noella mbele ya wote, naye akakifunga kwenye pindo lake. Nimekwenda kumwomba kama baba alivyokuwa akiomba. Amesema anafikiria. Tafadhali msicheke kwa nguvu, anasoma humu humu.