Nyota ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba
Mama mkwe anahama kwake. Jumapili atatamka kama atakaa kwetu au kwa dada wa mke wangu. Mke wangu anamtaka sana mama yake, ameshamtandikia kitanda. Tatizo: yule dada ameolewa na Profesa, mwalimu wa fizikia mwenye darubini, na mama mkwe anapenda nyota. Mimi ni kinyozi. Nina mashine mbili na kioo. Nimeamua nitagundua nyota mpya, niipe jina la mama mkwe. Tuone kama Profesa atafua dafu.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeigundua. Upande wa magharibi, jua limetua tu, juu ya paa la benki. Kubwa, nyeupe, imetulia. Ajabu hakuna aliyewahi kuiona. Nimewatangazia wateja wote.

Jumatano, 6 Novemba
Profesa alikuja kunyoa ndevu. Akasema ile ni Zuhura, sayari wala si nyota, na watu wanaijua tangu enzi na enzi. Mteja mmoja alicheka hadi akapaliwa na chai. Nikaendelea kumnyoa Profesa. Upande mmoja wa ndevu umetoka mfupi kidogo. Bahati mbaya.

Ijumaa, 8 Novemba
Profesa akiwa shuleni, nilimwambia shemeji kwamba mumewe kaniomba nisafishe vioo vya darubini. Akanipa, na kitambaa juu.

Jioni nikaielekeza mwezini, kujaribu tu. Mwezi una milima. Milima ina vivuli. Pale mwanga unapoishia palikuwa na kilele kimoja kimepata jua peke yake, chini yake giza tupu. Nikasahau nilitaka kumkomoa nani. Mke wangu aliniita kula, sikuitika.

Jumapili, 10 Novemba
Uani, baada ya magharibi. Nilimwahidi mama mkwe sayari ya Zohali. Nikatafuta, nikapata dirisha la jirani. Mara Profesa akaingia amefura, kafuata mali yake. Alipomwona mama mkwe kainamia darubini, akanywea. Akaisogeza kidogo tu, pembeni ya mwezi.

Mama mkwe akarudisha jicho kwenye darubini. Kisha akasema, "Kumbe imevaa pete. Umri wote huu naiona, sikujua."

Profesa akamweleza kwamba mwanga ule umesafiri zaidi ya saa nzima hadi kufika jichoni mwake.

"Basi ulipoanza safari mimi nilikuwa naosha vyombo," akasema mama mkwe. "Nao uko njiani, unanijia."

Nikachungulia na mimi. Kadunia kadogo kenye pete, kananing'inia bila kamba. Tulisimama bega kwa bega, mimi na Profesa.

Ndipo mama mkwe akatamka: atakaa kwa mwenye darubini. Mke wangu akaingia ndani kukunja shuka.

Jumanne, 12 Novemba
Nimegundua nyota nyekundu. Hii ni mpya kweli, jana haikuwapo. Iko juu ya kilima, haisogei, inawaka na kuzimika kama moyo unavyodunda. Niliitazama hadi machozi yakanilengalenga. Mke wangu anasema wamemaliza kujenga mnara wa simu kule. Hana imani. Nimeshamtumia mama mkwe ujumbe kwamba nyota yake imepatikana. Profesa naye nimemwalika. Aje na darubini, ajionee mwenyewe.