Mtungi wa Nchiru Ulinijua

Leo nimeaibika kwenye hosteli moja huko Nchiru mchana kweupe, mbele ya wanafunzi kama ishirini. Nawaandikia mapema kabla hawajapandisha video yangu mtandaoni.

Mnajua kazi yangu. Nakagua majengo kuona kama yana usalama wa moto: nyaya, milango ya dharura, mitungi ya kuzima moto. Miaka yote nimetumia macho na pua. Juzi bosi akanikabidhi simu yenye programu ya akili mnemba. Unapiga picha, inakuambia hatari iko wapi, kisha inatuma ripoti ofisini. (Yenyewe! Bila hata kuniuliza!)

"Mutwiri," bosi akasema leo asubuhi, "leo utakagua hosteli moja na hii kitu. Ikiona zaidi yako, wewe utaenda stoo kugawa viatu vya gumbuti."

Stoo! Mimi! Siamini kitu kinachodai kujua moto na hakijawahi kukohoa moshi hata siku moja. Nyumbani kwangu Kaaga simu hiyo naifunika kwa taulo. Jumapili tuliambiwa tujizoeze nayo, basi nikapiga picha mbili tatu jikoni, nikajibu maswali yake kwa mkato, nikairudisha chini ya taulo.

Kitu kingine: simwambii mtu yeyote ninakoenda kukagua. Hata mke wangu. Hosteli hupata barua yenye tarehe, lakini jina la mkaguzi halimo. Kwa nini? Kwa sababu wenye majengo wana mchezo wao. Siku ya ukaguzi wanaazima mitungi kwa majirani, wanaitundika, nikitoka inarudi ilikotoka. Mimi nimezaliwa nikishuku.

Saa nne nikafika. Mwenye hosteli, Mama Kendi, akanisalimu kwa Kimeru na tabasamu pana mno.

"Muga, afisa! Karibu chai."

Chai kabla ya ukaguzi? Nikaikataa. (Ilikuwa na tangawizi. Bado inaniuma.)

Tukaanza. Nikaelekeza simu kwenye kamba ya nguo. Ikapiga kelele: "Moto! Ondoka mara moja!" Ilikuwa sweta nyekundu. Wanafunzi wakaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Stoo itanisubiri sana, nikajiambia.

Kisha nikauona mtungi ukutani. Unang'aa. Msumari mpya, na sakafuni vumbi la plasta bado jeupe. Kwenye kitako kulikuwa na alama ya rangi ya buluu. Huu nimewahi kuuona mahali, moyo ukaniambia.

"Mama, mtungi huu umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu tufungue, afisa."

"Na hili vumbi?"

"Aki hao ni panya."

Panya wenye drili! Nikaupiga picha. Simu ikatetemeka, ikaandika: "Mtungi huu umesajiliwa mahali pengine."

Jamani, niliipenda simu ile! Asubuhi nzima nilikuwa naitilia shaka, lakini iliposema nilichotaka kusikia, nikaiamini kama shahidi aliyeapa. Nikaita wanafunzi wote watoke vyumbani. Nikasimama kwenye ngazi.

"Maisha yenu yako hatarini!" nikasema. "Kuna mtu ameazima mtungi ili anidanganye. Leo mtajua ni wa nani!"

Nilijua Mama Kendi atakana, kwa hiyo nilitaka shahidi. Nikampa simu msichana mmoja aitwaye Makena. "Soma. Kwa sauti. Usiruke neno."

Makena akasoma. "Mahali: Kaaga, jikoni, karibu na mlango wa buluu."

Mlango wa buluu. Nilioupaka rangi mwenyewe Disemba. Nikanyoosha mkono kuchukua simu.

"Sir, si umesema nisiruke?"

"Makena, inatosha."

"Wacha nimalize. Mwenye mtungi: Mkaguzi Mutwiri. Hali: muda wake umekwisha. Maelezo ya mwenyewe: nitaujaza nikipata nafasi."

Hapo Mama Kendi akashika kichwa, akamwita Mungu kwa Kimeru.

"Murungu wakwa! Kumbe wewe ndiye mzee wa Mama Mwenda? Jana tukiwa kikundi cha kanisa nilimwambia nina ukaguzi, akasema, 'Chukua wetu, mzee wangu hata hawezi kujua umetoka.'"

Wanafunzi walicheka hadi wengine wakakaa sakafuni. Mama Kendi hanijui kwa sura kwa sababu kanisani mimi hukaa benchi la nyuma na kutoroka kabla ya michango kutajwa. Na Mama Mwenda, mke wangu, angejuaje kwamba mkaguzi ni mimi, wakati siri zangu nazificha hata mezani?

Nilijaribu kuzuia ripoti. Ilikuwa imeshaenda. Bosi akajibu kwa maneno matatu: "Gumbuti zinakusubiri, mzee."

Lakini programu haikuwa imemaliza. Ilitoa notisi mbili za siku saba: moja kwa Mama Kendi, anunue mtungi wake, nyingine kwangu, niujaze wangu. Tumetoka pamoja, mimi nimeubeba mtungi begani, yeye amenibebea chai kwenye chupa.

Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza aende jikoni kwake asome tarehe ya mtungi wake. Kama anao.