Makopo Mawili ya Boga kwa Ajili ya Seneta

Jumapili, 3 Novemba

Nimepewa barafu.

Niandike tena, labda mkono utaamini. Mwaka huu, kwenye chakula cha Siku ya Shukrani, mimi Verlin, mtoto wa kwanza wa mama yangu, nitaleta barafu. Dada yangu Marjean aligawa kazi leo baada ya ibada, amesimama kwenye maegesho ya kanisa kama jenerali. Bata mzinga atampika yeye. Maharage mabichi kampa binamu Royce, aliyechoma banda lake mwenyewe akijaribu kukaanga bata mzinga uani. Na pai ya boga, pai ya mama, yenye ganda la oti na harufu ya mdalasini inayokupokea mlangoni, kampa Wendell. Mume wake. Mtu anayefungua kopo na kujiita mpishi.

Mama alitutoka mwezi wa tatu. Nilidhani urithi wa pai hauna mjadala.

Kila mtu katika ukoo wetu anazijua ngazi hizi. Anayeaminiwa huleta nyama. Anayependwa huleta pai. Anayevumiliwa huleta mikate. Barafu ni ya mtu ambaye wameona haya kumwambia asije.

Nilipinga. Nilimkumbusha Marjean kwamba kwa miaka mingi nimepigana na boga la kopo katika gazeti la kaunti, makala baada ya makala, wakati wengine wanalala. Akanijibu kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko tusi: "Kaka, boga unaliandika tu. Hujawahi kulipika."

Tukafikia mapatano. Jumamosi ya tarehe kumi na sita kuna chakula cha mavuno kanisani. Nikipeleka kitu cha boga na watu wakakisifu, pai ni yangu. Wasipokisifu, nibebe barafu yangu kimya kimya.

Wendell alinigusa bega. "Usijali shemeji, hata barafu ina ufundi wake."

Vita.

Jumatano, 6 Novemba

Halowini imepita na mtaa mzima umejaa maboga yaliyochongwa macho na meno na kuwashiwa mishumaa ndani, yanaoza barazani. Chakula kinaoza huku watu wale wale wanakwenda dukani kununua boga kwenye bati! Hapo ndipo tulipofika kama taifa. Nilizunguka na toroli nikakusanya yote. Majirani walidhani nafanya usafi wa hiari. Mmoja alinishukuru na kunipa na majani yake makavu.

Kuna watu watasema boga la kuchonga ni jingine na boga la kula ni jingine. Huo ni uzushi wa wauza mbegu. Boga ni boga.

Nilikatakata, nikachemsha, nikaponda. Saa nzima nachuja maji na maji hayaishi. Kilichobaki kwenye kitambaa kilikuwa nyuzi, kama nywele zinazoziba bomba la bafu. Hata hivyo nilitia mayai, maziwa na viungo, nikapika. Oveni ilifanya kazi yake. Pai haikufanya yake. Nilipoikata, haikukatika, ilifunga tu tena nyuma ya kisu kama bwawa. Niliinywa kwa kijiko nikiwa nimesimama. Ilikuwa na ladha ya nta ya mshumaa.

Jumamosi, 9 Novemba

Pai ya pili. Sawa na ya kwanza, ila hii ilivuja ikazima moto wa oveni.

Nimeachana na pai. Nitapeleka vipande vya boga na oti, vile vya kukata mraba, vyenye chenga za sukari ya kahawia juu. Oti hunyonya maji. Hiyo ni sayansi.

Kuhusu viungo nimeshafikia msimamo. Kila ifikapo Septemba nchi hii inatia mdalasini kwenye kahawa, kwenye sabuni, kwenye mishumaa, kwenye mchanga wa choo cha paka. Lakini kwenye chakula chenyewe wanatia punje, wanapapasa papasa kama wezi. Taifa lenye woga wa karafuu litaogopa kila kitu. Mimi nitatia karafuu kama mtu mwenye imani.

Tatizo ni moja. Maboga ya toroli yamekwisha, mengine yameliwa na kuchakuro. Nimekwenda shamba la maboga nje ya mji: limefungwa, wameanza kuuza miti ya Krismasi. Zimebaki siku chache.

Sitaki kuandika ninalofikiria.

Jumanne, 12 Novemba

Nimelifanya.

Nilichagua saa ambayo dukani hakuna mtu. Nilivaa kofia ya kuvulia samaki. Nilichukua makopo mawili ya boga bila kuyatazama, kama mtu anayechukua dawa ya aibu, nikayafunika kwa kabichi. Kwenye malipo alikuwepo Opal. Opal ameimba na mama katika kwaya maisha yao yote na kila makala yangu huikata akaibandika jikoni kwake, sijui kwa sababu gani.

Aliinua kabichi. Aliyatazama makopo. Akanitazama mimi.

"Verlin," alisema, "si wewe uliyeandika kwamba boga la kopo ni jeneza la ladha?"

Nyuma yangu kulishatokea watu wawili. Na ndipo mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema ni ya mbwa.

Uongo wenye akili, nakiri. Hapa kila mtu humpa mbwa boga la kopo tumbo lake likichafuka, hata madaktari wa wanyama husema hivyo. Uso wa Opal ulilegea papo hapo. Akasema maskini, hakujua kama nina mbwa. Nikasema ni mgeni. Akauliza anaharisha? Nikasema sana. Mtu wa nyuma yangu akasema pole. Opal akauliza anaitwa nani.

Nikasema Seneta.

Sina mbwa. Sijawahi kuwa na mbwa. Nikiwa karibu na mbwa napiga chafya.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilifungua mlango asubuhi nikakuta bakuli la mbwa, blanketi kuukuu, na kadi iliyotiwa saini na kwaya nzima. Royce kapiga simu kuniambia nisimpe Seneta maziwa. Mchungaji Lindquist kanisimamisha posta, kanishika mkono kwa mikono miwili, kasema amefurahi kwamba nimepata mwenzi nyumbani, kwani walikuwa na wasiwasi nami tangu mama aondoke.

Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Lakini ukimwondoa mbwa, yanabaki makopo.

Marjean alikuja jioni kumwona mgonjwa. Niliongea naye kwenye ufa wa mlango. Nilisema amelala. Akaninong'oneza kwamba ninaonekana nimechoka. Halafu alibweka mbwa wa jirani, kwa bahati, na dada yangu akatoa machozi.

Jumamosi, 16 Novemba

Siwezi kuandika kwa urefu. Ulimi bado haujarudi.

Vipande vilitoka vizuri kwa macho. Vya dhahabu, chenga juu zimekauka sawasawa, harufu inasikika hadi barabarani. Nilivipanga mezani kanisani kando ya pai ya Wendell nikasimama nyuma ya meza nimekunja mikono. Watu walichukua. Shangazi mmoja wa kwaya akauma, akafumba macho, akasema "mmm". Niliiona pai ya mama inarudi mikononi mwangu.

Kisha akasema, "Thithikii mdomo."

Ilikuwa karafuu. Mtu yeyote aliyewahi kuumwa jino anaijua kazi ya karafuu. Meza baada ya meza watu walianza kujishika mashavu. Mtu alikuwa anakunywa kahawa na kahawa inamtiririka kidevuni na hana habari. Kwaya ilisimama kuimba wimbo wa mavuno na ikatoka sauti ya ng'ombe zizini. Mchungaji aliomba sala ya kufunga, nasi tukaitikia amina, lakini hakuna aliyejua tumeomba nini.

Wendell alikula viwili, kwa adabu. Ndiyo iliyoniuma zaidi. Alipoweza kusema, alisema, "Shemeji, umeniokolea thafari ya daktari wa meno."

Nyumbani niliyatoa makopo kwenye pipa na kuyatazama kwa mara ya kwanza. Si boga tupu. Ni lile ambalo kiwanda kimeshatia sukari na viungo vyote, tayari kumiminwa kwenye ganda la pai. Nilitia sukari juu ya sukari. Karafuu juu ya karafuu. Kila mwanamke wa kaunti hii anajua makopo ya aina hizo mbili hukaa kando kando dukani, na husoma lebo kwanza. Mimi nilikuwa nimevaa kofia ya samaki.

Jumapili, 17 Novemba

Marjean alikuja na supu. Hakugomba. Ningependa agombe, kwenye ugomvi mimi huwa na nafasi.

Alisema suala la pai limekwisha. Nikasema mama asingekubali pai yake ipikwe na mtu wa kopo. Akakaa chini. Akasema, "Kaka, mama alitumia kopo. Miaka yote. Pai hiyo Wendell kafundishwa na mama mwenyewe, pale mezani, wewe ukiwa sebuleni unaliandikia gazeti."

Siamini. Shahidi ana maslahi.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Amefikiri sana, amezungumza na wenzake, na wameona kwamba Seneta akiwa katika hali ile si vizuri aachwe peke yake siku nzima ya Shukrani. Kwa hiyo nisihangaike. Nibaki naye. Watanifungia sahani waniletee.

Niliuliza, na barafu je?

Barafu kapewa Royce.

Nilitazama supu. Ningesema neno moja tu ningekuwa na kiti. Hakuna mbwa, dada. Maneno matatu. Lakini nyuma ya maneno hayo kuna makopo, na nyuma ya makopo kuna kila nilichoandika, na Opal anavyo vyote ukutani.

Nikasema asante, Seneta atafurahi.

Alhamisi, 28 Novemba. Siku ya Shukrani

Mchana nilikaa dirishani nikitazama magari yakipita na watu wamepakata masufuria yaliyofunikwa taulo. Mwaka wa kwanza bila mama. Nyumba haikunuka kitu chochote. Nilichemsha uji wa oti nikautazama ukipoa.

Marjean alifika na sahani, akasema safari hii haondoki bila kumwona mbwa. Alishaweka mguu ndani. Nikafanya jambo pekee lililobaki. Nikasema Seneta amefariki asubuhi.

Dada yangu alinikumbatia hadi mbavu zikalia. Akanivalisha koti kama mtoto, akaniingiza garini. Nikakuta kiti changu, kile cha siku zote, kimeshawekewa uma. Royce, mwenye barafu yake, aliniwekea nyingi. Nilikula nyama. Nilipewa nyama tena. Niliona ninapendwa, na sikumbuki lini mara ya mwisho niliona hivyo.

Kabla ya pai kila mtu husema anashukuru kwa lipi. Wendell alisimama, akasema anamshukuru Mungu kwa Seneta, ambaye hakumjua, lakini aliyemtunza shemeji yake katika mwaka mgumu. Kisha akanikatia mimi kipande cha kwanza.

Hapo nilitakiwa kukaa kimya. Najua. Hata wakati ule nilijua. Lakini pai ilikuwa mbele yangu, laini, imesimama wima, ya kopo, na watu wote wananisikiliza, na ni lini mtu hunisikiliza? Nikasimama. Nikashukuru. Nikasema kifo cha Seneta kisipite bure. Nikasema aliyemuua tunamjua, yumo humu ndani, tumemfungulia mlango wenyewe. Nikainyooshea pai kidole. Boga la kopo, nikasema, ndilo lililomuua.

Uma zote zilishuka. Wendell alikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Kwa muda mfupi nilikuwa nimeshinda.

Ndipo Royce akauliza polepole, kama mtu anayejumlisha, "Lakini binamu, si wewe uliyemlisha?"

Hakuna aliyegomba. Walinitazama tu kwa huruma nzito. Marjean alinishika mkono akasema kosa linaweza kumpata mtu yeyote, lakini kuanzia leo nisipike kitu kwa ajili ya kiumbe chochote, na nisijali, mwaka ujao nije hivyo hivyo, mikono mitupu. Kisha, kwa ajili ya kumheshimu marehemu, akaiondoa pai mezani.

Nilikuwa nimeionja ncha tu. Ilikuwa ya mama. Kabisa.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimelala nikafikiri. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la boga. Boga ni zao la kusaliti. Krismasi inakuja, na Krismasi haina boga. Ina tangawizi. Keki ya tangawizi na oti, nzito, nyeusi, ya kukata kwa msumeno. Nitaiweka mezani kwa Marjean kimya kimya, bila jina. Wakishamaliza kuisifu, ndipo nitasimama.

Habari ya kunikataza kupika imeenea mji mzima, kwa hiyo nilikwenda dukani saa ambayo hakuna mtu. Nilichukua gunia zima la oti. Nilisahau kwamba Opal hufanya kazi Jumamosi pia. Alinipa pole ya msiba. Kisha akalitazama gunia, akainua nyusi, akauliza oti zote hizi ni za nini, Verlin, si umeambiwa usipike?

Nikasema ni za farasi.

Opal alisimamisha mashine. Akaniuliza anaitwa nani. Nikasema Jaji. Akaweka mkono kifuani, akauliza kwa sauti ya chini iwapo farasi huyo anaumwa.

Nikafikiri kidogo.

Nikasema bado.