Vifaa vya Utafiti

Redio ya Shangazi ilisema jambo moja tu, kisha ikaingia kwenye matangazo ya sabuni. Ilisema kuwa kuanzia mwaka huu vyuo vikuu vitawapa watafiti wa uzamivu mikataba ya ajira yenye viwango: mshahara badala ya posho, likizo, bima na saa za kazi zinazojulikana. Habari yenyewe ndiyo hiyo, haina mkia. Lakini pale kijiweni, kwenye mabenchi mawili mbele ya duka la vipuri lililofungwa tangu mwenye duka agombane na mwenye jengo, habari haijawahi kubaki na ukubwa iliokuja nao.

"Mmesikia?" alisema Breki. "Watu wa chuo wanapewa magari."

Breki ni fundi wa magari. Jina alipewa na wenzake kwa sababu mdomo wake hauna kifaa hicho.

"Wamesema magari saa ngapi?" aliuliza Mstaafu, karani wa zamani wa bohari ya serikali, mtu ambaye hawezi kumaliza kikombe bila kutaja pensheni yake.

"Wamesema likizo, hawajasema? Sasa mtu ana mshahara, ana bima, halafu aende likizo kwa miguu? Mzee, fikiria kidogo."

"Mimi nilichosikia ni nyumba," alisema Wakili kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu anayejua mengi. Wakili ni fundi wa kupaka rangi. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi katika kesi ya ukuta wa jirani, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. "Kiwango cha ajira kisheria ni pamoja na makazi."

Shangazi, mwenye birika na mwenye kijiwe, aliwamiminia bila kuwaangalia. "Kikombe cha kwanza tu mmeshafika kwenye nyumba. Cha pili mtawaozesha."

Wote wakamgeukia Mtarajiwa, aliyekaa pembeni na mkoba wake mapajani. Alipoanza masomo yale walimwita Daktari Mtarajiwa, kwa heshima zote. Miaka ilivyosogea udaktari ukadondoka njiani, likabaki jina la pili peke yake. Utafiti wake ulikuwa juu yao wenyewe: alitaka kujua jinsi habari inavyoingia kijiweni asubuhi ikiwa changa na kutoka jioni imeota ndevu, na ni nani hasa anayeiongeza, na wapi. Aliwaomba ruhusa, wakampa. Kinasa sauti chake kilikaa kando ya kopo la sukari. Siku za mwanzo walikuwa wanakiinamia na kukisalimia, mpaka wakakizoea na kukisahau, kama walivyomzoea na kumsahau yeye.

"Haya, mwenye habari ni wewe," alisema Breki. "Gari lako la rangi gani?"

"Hakuna gari, kaka."

"Ameanza kuficha. Huyu akipata tu, hatutamwona tena hapa."

Mtarajiwa alikunja uso, akautazama mkoba wake. Shangazi aliweka birika chini.

"Mwanangu, mbona umekunja uso? Mkataba si ndio ulikuwa unaulilia kila siku?"

Akautoa mkobani. Alitakiwa aurudishe umesainiwa kabla ya saa sita mchana, na ilikuwa tayari saa nne. Wakili aliudaka kabla haujafika mezani, akatoa miwani ambayo wote wanajua ni vioo tu visivyo na namba.

"'Mwajiriwa,'" alisoma, "'atatekeleza majukumu yake ya utafiti, na majukumu mengine atakayopangiwa na mkuu wake wa kazi.' Hapo simama. Hayo majukumu mengine ndiyo yenye meno."

"Maana yake utaosha gari la msimamizi wako," alisema Breki.

"Nimeshaliosha, bila mkataba. Na mitihani yake nimesahihisha, na watoto wake nimewapeleka kwenye chanjo. Sasa angalau nitaliosha nikiwa na bima."

Walicheka, hata yeye alicheka. Mstaafu akanyoosha mkono, akaomba aonyeshwe muda wa mkataba. Alipoambiwa ni mwaka mmoja, na utaongezwa kutegemea upatikanaji wa fedha, alivua kofia.

"Mwaka mmoja? Na hiyo tasnifu yako imebaki muda gani?"

"Miaka miwili, mzee. Nikipewa nafasi ya kuandika."

"Kwa hiyo wamekujengea daraja linaloishia katikati ya mto. Sisi enzi zetu ulikuwa unaajiriwa mpaka mvi. Mimi bohari ile niliingia nikiwa na nywele."

"Enzi zenu mlikuwa mnahesabu misumari, mzee," alisema Breki. "Huyu anahesabu maneno yangu. Fedha za kazi hiyo zitapatikana wapi?"

"Tatizo siyo mwaka," alisema Mtarajiwa. "Tatizo liko kifungu cha nne. Mahali pa kazi ni ofisi ya chuo, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nisipoonekana kwenye meza, nimetoroka kazi."

"Sawa kabisa," alisema Wakili. "Kazi ni mezani."

"Kazi yangu iko hapa, Wakili. Nikikaa mezani namsikiliza nani?"

Shangazi alifuta kikombe kilichokuwa kisafi.

"Basi usisaini," alisema Breki. "Kaa na sisi. Umekaa miaka yote hii bila mkataba, umekufa?"

"Posho imekatwa, kaka. Asiyesaini hana ufadhili tena, jina linafutwa. Mke wangu ni muuguzi, anaunganisha zamu za mchana na za usiku kwa ajili ya mtu mzima anayekaa benchi." Alisita, akaona bora aseme yote. "Juzi mwanangu aliulizwa darasani baba yake anafanya kazi gani. Akasema baba hafanyi kazi, bado hajamaliza shule. Mwalimu akamwambia amwombe baba asikate tamaa."

Breki alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza breki zikashika. Mtarajiwa aliona aibu, kisha akaona hasira kwa kuona aibu. Alikuwa anaipenda kazi yake. Aliipenda kuliko alivyowahi kuwaambia watu hawa, na sasa alitakiwa kuchagua kati ya kuitwa mfanyakazi na kuifanya kazi.

"Lete hapa," alisema Shangazi. Aliushika mkataba mbali na macho, akampa Wakili tena. "Endelea kusoma. Umeishia cha nne. Na usiongeze lako."

Wakili alisoma cha tano, kuhusu likizo ya ugonjwa, na hakuna aliyesikiliza. Akasoma cha sita. "'Mwajiri atahakikisha kuwa vifaa vyote vya utafiti vinapatikana mahali pa kazi.'"

"Vifaa vyako vya utafiti ni vipi?" aliuliza Shangazi.

"Kinasa sauti tu. Na kompyuta, ile inayopiga kelele." Mtarajiwa akawatazama mmoja mmoja. "Na nyinyi."

"Mimi ni kifaa?" alisema Mstaafu.

"Chenye pensheni," alisema Breki.

"Saini, mwanangu," alisema Shangazi. "Mengine tuachie."

Wakili alimpa kalamu. Alisaini kwenye benchi, karatasi ikiwa imewekwa juu ya kopo la sukari, kisha akakimbia kuwahi saa sita huku Breki akimfuata kwa sauti kwamba gari achague la dizeli.

Kesho yake saa mbili asubuhi Mtarajiwa alisaini daftari la mahudhurio, akakaa kwenye meza yake mpya. Chumba kilikuwa chini kabisa ya jengo, nyuma, kikiwa na mashine mbovu ya kunakili iliyogeuzwa rafu na feni iliyozunguka ikipenda. Aliwasha kompyuta na kuandika kichwa cha sura, kisha akakifuta. Palikuwa kimya hata alisikia saa yake ya mkononi. Mshahara ungeingia mwisho wa mwezi na mtoto angekuwa na la kusema darasani, na bado moyo ulikuwa umemkaa vibaya. Alifungua dirisha linalotazama uchochoro apate hewa.

Benchi moja la kijiweni lilikuwa pale, chini ya dirisha. Juu yake walikaa Mstaafu, Wakili na Breki, wamenyooka kama waliopangwa kupigwa picha. Mashati yalikuwa yamepigwa pasi. Mstaafu alikuwa amevaa tai aliyoagwa nayo kazini. Shangazi alikuwa ameshaweka jiko lake kando ya ukuta.

"Vifaa vimeripoti," alisema Wakili.

Mtarajiwa alitaka kuwakumbatia wote kupitia dirishani, ila halikuwa na nondo na alihofia angedondoka. Aliweka kinasa sauti ukingoni, akakiwasha. Wote wakakitazama.

"Ndugu Breki," alianza Mstaafu, akikohoa kwanza, "una maoni gani kuhusu hali ya hewa ya leo?"

"Nakushukuru kwa swali lako zuri," alisema Breki. "Kwa upande wangu, naona ni ya wastani."

"Kisheria pia ni ya wastani," alisema Wakili.

Mstaafu akaweka tai sawa. Mtarajiwa aliona utafiti wake ukifa mbele yake, umevaa shati safi. Miaka yote alikuwa anapata watu wanaopiga soga, leo amepata wafanyakazi.

"Jamani, ongeeni tu kama siku zote."

"Siku zote hatukuwa kazini," alisema Mstaafu kwa heshima.

Shangazi aligawa kahawa. Breki alikunywa funda moja, akavumilia. Akanywa la pili. Shati lilianza kumbana.

"Mimi sitasema kitu," alisema. "Ila hayo magari yameshafika bandarini. Shemeji yangu ameyaona."

"Ameyaonaje wakati shemeji yako anauza viatu?"

"Anauza viatu bandarini, mzee. Yamepakwa nembo ya chuo mlangoni, moja kwa kila mtafiti."

"Na dereva," alisema Wakili, akifungua kifungo cha shingo. "Kiwango cha ajira hakiruhusu mtafiti ajiendeshe."

"Dereva naye ana mkataba?"

"Wa kudumu."

"Yaani dereva wa kudumu, mwenye gari mwaka mmoja?" Mstaafu alikuwa amesimama, tai imehamia begani. "Hiyo ni haki gani?"

Uchochoro ulijaa kelele. Mtarajiwa aliinama mezani, akiandika mbio, anatabasamu peke yake, hata hakusikia mlango ukifunguliwa nyuma yake.

Alikuwa msimamizi wake, mtu mwembamba mwenye miwani iliyokaa paji la uso siku zote kana kwamba anasoma kwa nywele. Alikwenda mpaka dirishani, akachungulia.

"Hawa ni akina nani?"

"Vifaa vya utafiti, bosi. Kifungu cha sita."

Msimamizi aliwahesabu kwa kidole. Alikuwa mtu wa chuo, na mtu wa chuo ukimtajia kifungu lazima kwanza akiheshimu. "Basi viambie vifaa vyako hakuna magari," alisema. "Habari hiyo siyo ya kweli."

"Wewe unalo," alisema Breki kutoka chini.

"Langu la kwangu mwenyewe."

"Nalijua. Nimelitibu mara ngapi? Linakohoa kuliko Mstaafu. Bosi mzima wa chuo na gari la namna ile, wewe kwenye mkataba wako ulikuwa hujui kujadiliana?"

Waliangua kicheko, na Mtarajiwa akajikunja akisubiri matokeo. Lakini msimamizi hakukasirika. Alishusha miwani machoni, akaifuta, akairudisha pale pale kwenye paji la uso.

"Mkataba wangu uliisha mwezi uliopita," alisema. "Wameniambia niendelee tu kuja wakati wanatafuta fedha."

Feni ilizunguka kidogo, ikaghairi.

"Bosi," alisema Mtarajiwa taratibu. "Wangu jana umesaini wewe."

"Nimesaini mimi, ndiyo."

"Sehemu ya mwajiri."

"Kwa niaba ya mwajiri," alisema msimamizi, na sauti ikamfifia mwishoni.

Wakili alinyanyua kidole, uso umeng'aa kwa furaha ya kweli. "Sasa hapo, kisheria..."

"Wakili," alisema Shangazi, "kunywa kahawa."

Wakili akanywa. Shangazi alimimina kikombe kingine, akakinyanyua mpaka dirishani, na msimamizi akakipokea kwa mikono miwili bila kuuliza ni cha nani. Kisha alitazama mlango, akatazama dirisha, akapitisha mguu mmoja nje, halafu wa pili. Mstaafu alisogea kumpisha benchini na kumpangusia nafasi kwa ncha ya tai.

"Karibu, mwenetu," alisema. "Pole na kazi."

"Ngoja kwanza," alisema Breki, akiweka kikombe chini. "Yaani chuo kizima, kuanzia mlangoni mpaka darini, hakuna hata mmoja aliyeajiriwa?"

Mtarajiwa alirudisha mkanda nyuma, akasikiliza mazungumzo yote tangu mwanzo, kalamu mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze utafiti ule, hakuweza kuonyesha ni wapi hasa habari hii ya chuo kisicho na mwajiriwa ilikuwa imeongezwa.