Tume ya Bashasha

Tangazo! Kwa idhini ya Serikali Tukufu ya Mdachi, wakazi wote wa Arusha, kuanzia Sekei mpaka juu kwenye migomba ya Mlima Meru, wanajulishwa kwamba bashasha sasa iko chini ya usimamizi wa boma.

Tangazo hilo niliandika mimi, karani wa boma, mzaliwa wa Pangani. Dar es Salaam walikuwa wameleta fomu: je, wenyeji wa wilaya wana bashasha, na neno hilo maana yake nini, na limetoka wapi? Bwana Mkubwa, Mdachi wa boma letu, si mtu wa kujaza fomu kwa kubahatisha. Akaunda Tume. Yeye mwenyekiti, mimi katibu, na askari mmoja wa kuwatisha mashahidi ili wawe huru kusema.

Asili ya neno tuliimaliza mapema. Waarabu walilileta pwani, na kutoka pwani nililileta mimi, pamoja na mwavuli wangu. Maana ndiyo iliyotutoa jasho. Bwana alishikilia kwamba bashasha ni kubeba mawe huku mtu akionyesha meno. Wakati huo vijana arobaini walikuwa wakibeba mawe ya zizi la nyumbu wake wa mizigo, na meno hayakuonekana.

Shahidi wa kwanza alikuwa Nanyori, mjane wa Sekei. Mwanawe wa pekee, Saruni, alikuwa miongoni mwa wale arobaini, na shamba lao la maharage lilikuwa limemezwa na magugu.

"Mama, kwenu bashasha ni nini?" nikauliza.

"Hilo neno lako silijui, karani. Kwetu mtu akifika anauliza kwanza. Watoto hawajambo? Ng'ombe je? Anajibiwa yote mpaka mwisho, ndipo anasema kilichomleta. Asiyeuliza, huyo hatufai."

Bwana alifurahi mpaka masharubu yakasimama. Kitu cha kupimika! Siku ileile akatia sahihi Kanuni: mtu wa cheo chochote atakayetaja shida yake kabla salamu zote hazijaulizwa na kujibiwa, atabeba mawe siku saba. Hayo maneno "wa cheo chochote" aliyaongeza mwenyewe, kwa urembo.

Utekelezaji ulikuwa mzuri mno. Askari waliotumwa Sekei kukamata wabebaji wapya waliondoka asubuhi, wakarudi jioni mikono mitupu, wameshiba maziwa. Kila nyumba ilikuwa na mbuzi, na kila mbuzi alikuwa na habari zake. Askari mmoja alirudi na huzuni ya kweli kwa ajili ya ndama wa mzee Koikai.

Siku ya kumi Bwana akamkuta Nanyori langoni.

"Wewe mama! Waambie watu wako..."

Nikakohoa. Kalamu ilikuwa mkononi, na Bwana akayakumbuka mawe.

"Watoto hawajambo?" akasema, kwa shida.

"Ninaye mmoja tu, Saruni. Anakubebea mawe tangu kabla ya mvua za vuli. Wewe ndiye unayemwona kila siku, Bwana. Nikuulize wewe: hajambo?"

Bwana akanitazama. Mimi nikaitazama Kanuni. Swali lilikuwa halijajibiwa, kwa hiyo ikabidi Saruni aitwe ajibu mwenyewe. Akaja na vumbi mpaka kwenye kope, mabega yamechubuka.

"Sijambo, yeyo," akamwambia mama yake. Alikuwa anadanganya, na mama alijua, na mimi, katibu wa Tume, nilijisikia vibaya.

"Hajambo, Bwana," Nanyori akasema. "Sasa tuje kwenye ng'ombe. Ila habari zao anazijua Saruni, na itabidi akawaangalie kwanza."

Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Kesho yake akina mama thelathini na tisa walijipanga langoni, wakisubiri kuulizwa watoto hawajambo.

Zizi likabaki kimo cha goti. Masika yote nyumbu walilala barazani kwa Bwana, na ni hao tu aliobaki akiwaamrisha bila salamu. Hawakumsikiliza.

Kwenye fomu nilijaza hivi: wenyeji wanayo bashasha. Bwana Mkubwa anajifunza.