Kumnyoosha Nassir

Jumatatu, 3 Novemba

Nassir amepata kazi! Hoteli ya Malindi, kuwapigia watalii kinanda wakila na wakicheza. Alhamdulillahi. Nimepiga vigelegele mpaka wifi yangu Zulekha akatoka kwake na upawa mkononi, akidhani nyumba inaungua.

Furaha imedumu mpaka chai. Kijana anasema ataondoka Ijumaa baada ya sala, na kinanda atakwenda nacho. Tena nyimbo za nyumbani atazifuta zote! Ati kumbukumbu ya kinanda imejaa na hoteli ina nyimbo zake. Hata ile ya Mama, aliyonitungia nilipolazwa hospitali ya Msambweni. Nikamuuliza, kwani haziwezi kuhamia kwenye kompyuta? Akasema zinaweza, atazihamisha kesho. Kesho! Mtoto huyu hata kuzaliwa alichelewa.

Basi nitazihamisha mwenyewe, kimya kimya. Nimefika darasa la nne, lakini la nne la zamani, si hili la siku hizi. Na bila kinanda cha Nassir nyumba hii nitaikaa vipi? Nitabaki na panya darini na Baba Nassir akikoroma.

Jumanne, 4 Novemba

Kompyuta iko kwa wifi. Ni ya zamani ya mwanawe Hafsa, naye ameifunika kitambaa cha kufuma kama mwari. Nimemwendea na mkate wa kumimina. Akala, akasema mtamu, ila wa kwake huumuka zaidi. Nikameza mate, nikasema naam. Kompyuta nimeipata, pamoja na yeye juu yake. Ati haitoki bila mwenyewe.

Nassir alipokwenda Tiwi kuaga, tukaunganisha. Waya wa Nassir upande mmoja huingia kwenye kompyuta, upande wa pili una vichwa viwili, kimoja kimeandikwa IN na kingine OUT. Kinanda nacho kina tundu la IN na tundu la OUT. Hapo kuna swali? Kila mtu kwake! IN kwa IN, OUT kwa OUT. Tukabonyeza. Tukangoja. Kimya. Wifi akauliza kama nyimbo zinakuja kwa miguu.

Nimemwambia ni umeme mdogo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwita Japheth, fundi wa bara mwenye studio Ukunda. Akaniita mathe, ndiyo mama ya vijana wa mjini. Nikamwambia mimi si mathe, mimi ni Mama Nassir. Akasema sawa, mathe.

Akatazama waya, akacheka. Kumbe IN ya waya huingia kwenye OUT ya kinanda! Kinachotoka kwa mmoja ndicho kinachoingia kwa mwenzake. Sasa si angesema mapema kwamba ni mambo ya harusi? Bibi harusi hutoka kwao akaingia kwa mumewe. Ukimtoa kwao ukamwingiza kwao, hiyo si ndoa, ni matembezi.

Nyimbo zikahama, treki moja moja: ngoma, fidla, kodiani, besi. Nikasema tuanze na ile ya Mama. Astaghfirullah! Kila kitu piano. Ngoma piano, fidla piano, kama mbuzi wamepanda juu ya sufuria. Wifi akaanza kusoma Ayatul Kursi. Nikamshika Japheth shati, nikamuuliza sauti za mwanangu amezitia wapi.

Akanieleza kwa upole. Nyimbo zimehama kwa lugha ya mashine iitwayo midi, na midi haibebi sauti. Hubeba habari tu: kidole kimebonyeza wapi, lini, kwa nguvu gani, kimeondoka lini. Sauti ni ya mashine inayosoma. Nimeelewa kabla ya wifi: umetumiwa mapishi, pilau upike mwenyewe. Japheth akachagua, treki hii iwe ngoma, hii fidla, na wallahi pilau ikaiva! Nikalia kidogo. Nikampa pweza wa nazi. Akamtazama kana kwamba pweza ndiye atakayemla yeye.

Nikazitia zote kwenye flashi na kumwamuru wifi azifute kwenye kompyuta yake. Nyimbo za mwanangu hazilali kwa mawifi. Akasema amefuta.

Alhamisi, 6 Novemba

Wifi ana sumu. Anachambua zake mchicha, mara akasema nyimbo ni nzuri, ila mkono wa kushoto wa Nassir unaburuta. Ati besi inafika wenzake wameshakaa kitako. Ati watu watasema kijana wa hapa kwetu Munje hajui kazi.

Ule mkono! Aliuvunja utotoni alipoanguka kutoka juu ya mkorosho, na mpaka leo huinuka nyuma ya mwenzake. Mimi sikujua kama unasikika.

Raha ikanitoka. Nikaenda Ukunda, flashi ndani ya sidiria isipate vumbi. Japheth akasema kuna kitufe, kina jina la Kizungu lisiloandikika, kazi yake ni kunyoosha. Kila noti huvutwa ikakaa mahali pake barabara. Akaniuliza kama nina hakika. Mimi tena? Nyoosha! Akanyoosha, akahifadhi juu ya ile ile, akanitolea na nakala ya sauti inayoweza kuchezwa na redio. Hata sikusikiliza. Nilikuwa nimekumbuka maharagwe niliyoyaacha motoni Munje.

Maharagwe hayapo tena. Sufuria pia.

Ijumaa, 7 Novemba

Ameondoka. Nimemtilia mihogo ya kukaanga, dawa ya kikohozi na sweta. Akasema Mama, Malindi kuna joto kuliko hapa. Nikamwambia hoteli zina baridi ya mashine, usibishane na mimi.

Asubuhi alizifuta nyimbo mbele yangu. Kitufe kimoja tu, zikaisha. Nikatabasamu kama mwenye hazina.

Alipokwisha kwenda nikatia flashi kwenye redio, nikaanza na ile ya Mama. Safi! Imenyooka kama gwaride la wanafunzi. Baba Nassir akainua kichwa, akauliza ni nani huyo anayepiga. Nikamwambia ni mwanao. Akasikiliza tena, akasema huyo si mwanangu.

Na kweli si yeye. Pale besi inapoingia, mimi siku zote husema moyoni, haya baba, njoo. Kidogo hivi, naye huja. Leo sikuwahi hata kumwita, imeshafika. Nassir hayumo humu. Nimemnyoosha mpaka nimemtoa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimempigia Japheth arudishe alichonyoosha. Akasema haiwezekani, ya kwanza imefunikwa na ya pili, na si yeye aliniuliza kama nina hakika? Kwenye kinanda zimefutwa. Kwa wifi nilifutisha mwenyewe. Mimi na ulimi wangu huu!

Wifi akanikuta nalia juu ya unga wa mahamri. Nikamweleza yote. Akasema zile za kwenye kompyuta hakuzifuta. Kumbe kila akimaliza vyombo huisikiliza ile ya Mama peke yake! Akaniuliza, kwani nilidhani Nassir ni wangu tu? Yeye si shangazi yake? Si ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali siku ya mkorosho?

Lakini hakunipa bure. Sharti niseme, mbele ya Baba Nassir na jirani Esha, kwamba mkate wake wa kumimina huumuka kuliko wangu. Nimesema. Akaniambia sauti haikufika kwa Esha, nirudie. Nimerudia. Mungu atanisamehe uongo huo.

Tukakaa wawili mbele ya kompyuta. Haya baba, njoo. Kidogo hivi. Akaja, amechelewa vilevile. Wifi akanishika mkono, wala hakusema neno la kuburuta.

Jumatatu, 10 Novemba

Nassir amepiga simu. Nilikuwa nimempigia kidogo tu tangu alfajiri, hapokei, labda mtandao. Sauti yake imenyong'onyea. Meneja amemwambia mkono wake wa kushoto unachelewa, watalii wanakosea kucheza. Asipojirekebisha, kazi itakwenda kwa mwingine.

Moyo ulinipasuka, lakini sauti nikaikaza. Nikamwambia asishughulike hata kidogo. Mama yuko, na mama siku hizi ni mtu wa midi. Baada ya simu nimeshaongea na Japheth. Nassir azipige nyimbo zote za hoteli amtumie, zinyooshwe zote, kinanda kizicheze chenyewe, na zile za mwanzo azifute kabisa zisije zikamchanganya. Mkono wa kulia nao unyooshwe, tahadhari tu. Japheth aliniuliza kama nina hakika. Watu wa bara wana maswali!

Ile ya Mama nimeihamishia kwenye flashi yangu, ikae kwa mwenyewe. Wifi nimemwamuru aifute kwenye kompyuta yake, na safari hii nimemkazia macho. Akasema amefuta. Nimemwamini.